Ndoo Yenye Tundu: Kwa Nini Uzito Hukwama Katikati ya Safari

Miongoni mwa maswali ambayo mtu aliyesomea sayansi ya mwili huulizwa kila arejeapo nyumbani, lipo moja ambalo kwa miaka ya karibuni limeshika nafasi ya mbele: "Nimeacha ugali, nimeacha wali, nimeacha sukari. Mwanzoni nilipungua vizuri. Mbona sasa uzito umekwama?" Mimi niliulizwa swali hili na dada yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi wilayani Misungwi, na jibu nililompa lilikuwa la haraka na la makosa. Nilimwambia: "Dada, ongeza bidii." Wiki mbili baadaye alianguka darasani. Makala haya yanaeleza jibu ambalo ilinipasa kumpa tangu mwanzo.

Mlo wa Misungwi na mlo mpya

Misungwi iko kusini mwa jiji la Mwanza, katika barabara iendayo Shinyanga. Upande wake wa magharibi ni Ghuba ya Mwanza, ambapo daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa mwaka 2025. Ni nchi ya mawe makubwa ya matale, na kati ya mawe hayo yapo mashamba ya pamba, mahindi, mpunga, mihogo na viazi vitamu. Kwa Wasukuma, kiazi si chakula cha siku moja tu, bali ni akiba. Hukatwa vipande kikiwa kibichi na kuanikwa juani, kikawa michembe. Au huchemshwa kwanza ndipo kikakatwa na kuanikwa, kikaitwa matobolwa. Mtoto aliyelelewa huko hujua tangu utotoni kuwa kushiba ni kushiba wanga.

Mlo huo haukuwa na kosa kwa mkulima aliyeshika jembe tangu alfajiri. Matatizo yalianza pale shibe ya mkulima ilipobaki ileile kwa mtu ambaye kazi yake ni kusimama ubaoni, kusahihisha madaftari na kurudi nyumbani kwa pikipiki. Dada yangu alikuwa na uzito wa kilo 92 na urefu wa sentimita 160 alipoambiwa kuwa ana ugonjwa wa kisukari. Alipewa vidonge, akashauriwa apunguze vyakula vya wanga. Ushauri huo haukuwa mgeni masikioni mwake, kwani nchi nzima ilikuwa imekwisha kuusikia kutoka kwa Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo aliyeongoza Hospitali ya Taifa ya Muhimbili kuanzia mwaka 2022, na ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Kanda ya Afrika wa Shirika la Afya Duniani.

Basi dada akaweka kando ugali, wali na michembe. Badala yake alikula sato, dagaa, mayai, mlenda, mboga za majani, parachichi na maziwa ya mgando. Katika wiki mbili za kwanza alipungua kilo 4. Mwishoni mwa mwezi wa tano mizani ilionyesha kilo 81. Jirani walipoona nguo zinampwaya walianza kunong'ona kuwa anaumwa. Kisha kwa wiki kumi na moja mshale wa mizani haukusogea, na jirani walewale wakasema kuwa anakula kwa kificho. "Mdogo wangu," aliniambia kwa simu, "mizani imekufa."

Kilo za mwanzo ni za nini?

Ili tuelewe mwisho wa safari hiyo, hatuna budi kuanza na mwanzo wake. Mwili wa binadamu huhifadhi sehemu ya sukari ya chakula katika ini na misuli, kwa umbo liitwalo glikojeni. Mtu mzima huwa na takriban gramu 100 za glikojeni katika ini na gramu 400 hivi katika misuli. Glikojeni haihifadhiwi ikiwa kavu: kila gramu yake hushikamana na takriban gramu 3 za maji. Mtu akiacha wanga, akiba hiyo hutumika katika siku chache, na maji yaliyoshikamana nayo hutoka kwa njia ya mkojo. Nusu kilo ya glikojeni pamoja na kilo moja na nusu ya maji ni kilo 2. Zaidi ya hayo, wanga unapopungua homoni ya insulini nayo hupungua katika damu, na hapo figo hutoa chumvi nyingi zaidi pamoja na maji yake.

Kwa hiyo kati ya zile kilo 4 za wiki mbili za kwanza, tunaweza kukadiria kuwa kilo 3 zilikuwa maji na glikojeni. Hii haina maana kwamba mlo ulikuwa wa udanganyifu. Baada ya akiba ya sukari kwisha, mwili huyageukia mafuta kwa nguvu zaidi. Ini huyageuza sehemu yake kuwa ketoni, ambazo ubongo na misuli huweza kuzitumia kama kuni. Lakini mafuta hupungua polepole, kwa sababu kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kilokalori 7,700. Mtu anayetegemea kwamba mwezi wa tano utafanana na wiki ya kwanza anajiandalia huzuni.

Ndoo yenye tundu

Sasa tufanye jaribio ambalo kila shule yenye ndoo kuukuu inaweza kulifanya. Toboa tundu dogo ubavuni mwa ndoo, karibu na kitako. Weka ndoo chini ya bomba, ufungue maji kiasi. Mwanzoni maji hupanda. Kadiri yanavyopanda, shinikizo kwenye tundu huongezeka, na maji hutoka kwa kasi zaidi. Hatimaye kina cha maji husimama mahali pamoja, ingawa bomba linaendelea kumimina na tundu linaendelea kuvuja. Kinachoingia kimelingana na kinachotoka.

Punguza bomba kidogo. Kina kitashuka, lakini kadiri kinavyoshuka, shinikizo nalo hupungua, na maji yatokayo tunduni hupungua vilevile. Baada ya muda kina husimama tena, mahali pa chini zaidi. Hakuna aliyeongeza maji wala aliyeziba tundu. Kina kimesimama kwa sababu ndoo imefikia mizania mpya. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaweza kuthibitisha kuwa, kwa kuwa kasi ya maji yatokayo hufuata kipeuo cha pili cha kina, bomba likipunguzwa hadi nusu, kina kitatulia kwenye robo ya kilivyokuwa.

Mwili haufuati hesabu ileile ya kipeuo, lakini kanuni ni moja. Bomba ni chakula, kina cha maji ni uzito, na tundu ni nishati tunayoitumia kupumua, kutembea, kusukuma damu na kupasha mwili joto. Mwili mzito hutumia nishati nyingi kuliko mwili mwepesi, kama vile lori lililopakia pamba linavyotumia mafuta mengi kuliko lori tupu. Anayepungua uzito huwa anapunguza pia matumizi yake mwenyewe. Chakula kilichompunguza akiwa na kilo 92 si lazima kimpunguze akiwa na kilo 81.

Mwaka 2011 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitoa kanuni nyepesi ya kukadiria jambo hili kwa mtu mzima mnene. Kila kilokalori 24 zinazopunguzwa katika chakula cha kila siku, moja kwa moja bila kurudishwa, hatimaye hupunguza kilo moja. Lakini neno "hatimaye" lina uzito wake: nusu ya badiliko hilo hutokea katika mwaka mmoja hivi, na karibu lote katika miaka mitatu.

Hapa msomaji makini atauliza: ikiwa ndoo ya mwili hutulia baada ya miaka mitatu, mbona watu wengi hukwama mapema, mnamo mwezi wa sita? Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Kabla ya kulijibu, tuchungulie kwanza tundu la ndoo, maana watu wengi hudhani kuwa dawa ya kukwama ni kulipanua kwa kutembea zaidi.

Funzo kutoka Ziwa Eyasi

Utafiti mmoja mashuhuri juu ya jambo hili ulifanyika hapa hapa Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake, akiwamo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha vipimo vya nishati vya Wahadza 30 wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma ubuyu na kurina asali kandokando ya Ziwa Eyasi. Njia waliyoitumia ni ya kuvutia kwa mwalimu wa kemia. Mtu hunywa maji ambayo haidrojeni na oksijeni yake ni za isotopu nzito zisizodhuru. Haidrojeni hiyo hutoka mwilini kama maji tu. Oksijeni hutoka kama maji na pia kama kaboni dayoksaidi. Kwa kupima mkojo kwa siku kadhaa na kulinganisha jinsi isotopu hizo mbili zinavyopungua, mtafiti hujua ni kiasi gani cha kaboni dayoksaidi kimetolewa, na hivyo ni nishati kiasi gani imetumika.

Wanaume wa Kihadza walitembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku, na wanawake karibu kilomita 6. Ilitazamiwa kuwa wangetumia nishati nyingi mno kuliko watu wa mijini. Haikuwa hivyo. Baada ya kuzingatia ukubwa wa miili, matumizi yao ya siku nzima hayakutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Inaelekea kuwa mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021, uliohusu watu wengi wa nchi mbalimbali, ulikadiria kuwa kwa wastani zaidi ya robo ya nishati inayotumika katika mazoezi hufidiwa kwa njia hiyo. Kutembea basi si kazi bure, kwani sehemu kubwa ya nishati yake hubaki imetumika, na faida yake kwa moyo, misuli na sukari ya damu ni dhahiri. Lakini mtu asitazamie kuwa mguu peke yake utaishinda sahani.

Wahadza wanatufundisha jambo la pili. Wao hula asali na mizizi kwa wingi, yaani sukari na wanga, na bado ni wembamba. Kwa upande mwingine wako Wamasai, ambao daktari George Mann na wenzake waliwachunguza nchini humu na kuchapisha matokeo mwaka 1964: wao waliishi kwa maziwa na nyama, na walikuwa wembamba vilevile. Mwaka 2018 Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa matokeo ya jaribio la watu 609 waliogawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wapewe mlo wa mafuta kidogo na wengine mlo wa wanga kidogo. Baada ya mwaka mmoja kundi la kwanza lilikuwa limepungua wastani wa kilo 5.3, na la pili kilo 6.0, tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba haiwezi kuhesabiwa kuwa ushindi. Mlo wa wanga kidogo una manufaa yake, hasa kwa mwenye kisukari, kwa kuwa hupunguza sukari inayoingia katika damu, na wengi hushiba nao upesi. Lakini kanuni ya ndoo inatawala milo yote miwili.

Mkono ulio bombani

Sasa turudi kwenye swali letu. Mfano wa ndoo una upungufu mmoja mkubwa: ndoo haina njaa. Ili ufanane na mwili, yatupasa tumweke kijana mmoja karibu na bomba, tumfunge macho, na kumwagiza kuwa kila asikiapo maji yameshuka, alifungue bomba kidogo pasipo kumwambia mtu. Kijana huyo yumo ndani ya kila mmoja wetu.

Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliitambulisha homoni ambayo baadaye iliitwa leptini. Hutengenezwa na seli za mafuta zenyewe, na kwa njia ya damu huupasha ubongo habari za akiba iliyopo. Mafuta yakipungua, leptini hupungua, na ubongo huipokea habari hiyo kama tangazo la njaa: tafuta chakula, bana matumizi. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha kuwa hata mwaka mzima baada ya watu kupunguza uzito, homoni kadhaa za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi katika hali ya awali. Tusishangae. Wazee wetu waliopitia miaka ya ukame na nzige hawakuokolewa na miili iliyoacha akiba ipotee bila kupiga kelele.

Nguvu ya kelele hizo imepimwa. Ipo dawa ya kisukari inayofanya sukari ipotee katika mkojo bila mgonjwa kuhisi lolote. Kwa kufuatilia uzito wa wagonjwa walioitumia kwa mwaka mzima, David Polidori, Kevin Hall na wenzao waliweza mwaka 2016 kukadiria jinsi ulaji wao ulivyoongezeka. Kwa kila kilo moja iliyopotea, hamu ya kula ilisukuma ulaji juu kwa takriban kilokalori 100 kwa siku. Linganisha na zile kilokalori 24 ambazo matumizi hupungua kwa kila kilo. Njaa ina nguvu mara nne ya upungufu wa matumizi. Ndiyo maana watu hukwama mnamo mwezi wa sita na si mwaka wa tatu: kabla tundu halijapungua vya kutosha, bomba limekwisha kufunguliwa.

Wala mwenye mkono huo hajui. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwapima watu waliolalamika kuwa hawapungui ingawa wanakula kidogo sana. Miili yao ilikuwa ikitumia nishati kama kawaida; bali kwa wastani walikuwa wamekadiria chakula chao pungufu kwa asilimia 47. Hawakuwa waongo. Macho ya binadamu ni mizani mibovu, na njaa huyafanya mabovu zaidi.

Madaftari mawili

Sikuyaeleza hayo kwa dada yangu. Nilimwambia aongeze bidii, naye kwa kuwa ni mtu wa kutii elimu, akaiongeza. Aliacha chakula cha jioni, kisha cha asubuhi, lakini akaendelea kumeza vidonge vyake kama alivyoandikiwa wakati alipokuwa akila ugali. Vidonge hivyo vilikuwa vya kundi linalolilazimisha kongosho kutoa insulini, iwe sukari imo katika damu au haimo. Kipindi cha tatu mikono ilianza kutetemeka, jasho likamtoka, maneno yakamkanganya, akaanguka mbele ya wanafunzi wake wa darasa la tano. Mwalimu mwenziwe alitambua dalili, akamkorogea sukari katika maji wakati angali anaweza kumeza, na hiyo ilimwokoa. (Aliyepoteza fahamu kabisa asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali mara moja.)

Nilisafiri hadi Misungwi siku iliyofuata. Jambo la kwanza lilikuwa kurudi kwa daktari, ambaye alibadili kiwango cha dawa. Jambo la pili lilikuwa kutafuta ukweli kwa vipimo. Kwa bahati njema dada alikuwa amehifadhi daftari la mwezi wake wa kwanza, ambamo aliandika kila alichokula ili kumwonyesha muuguzi. Tukaazima mizani ndogo ya dukani, akaandika daftari la pili kwa wiki mbili, bila kubadili chochote isipokuwa kwamba sasa hakuruka mlo.

Tulipoyaweka madaftari sambamba hatukukuta ugali wala soda. Tulikuta mambo mawili madogo. Mafuta ya kukaangia, ambayo mwezi wa kwanza yalikuwa kijiko kimoja kikubwa kwa siku, sasa yalikuwa viwili: nyongeza ya kilokalori 120. Na wakati wa kusahihisha madaftari palikuwa na karanga, ambazo si wanga na kwa hiyo zilihesabiwa kuwa halali; zilifika gramu 40 kwa siku, yaani kilokalori 230 hivi. Jumla ni 350.

Hesabu iliyobaki tuliifanya ubaoni. Kwa makadirio, akiwa na kilo 92 mwili wake ulihitaji kilokalori 2,300 kwa siku, na daftari la kwanza lilionyesha alikuwa akila 1,750. Upungufu ulikuwa 550. Kati ya kilo 11 zilizopotea, tuliondoa kilo 3 za maji na glikojeni. Kilo 8 zilizobaki, mara kilokalori 24, zinapunguza matumizi kwa takriban 190. Ongeza zile 350 zilizorudi sahanini: jumla ni 540. Upungufu wa 550 ulikuwa umekwisha wote. Dada aliutazama ubao kwa muda mrefu, kisha akasema: "Kumbe sikuwa mwizi."

Tunavyoweza kukwamua

Kutokana na maelezo haya, msomaji anaweza kuona mwenyewe hatua zinazofaa.

Kwanza, hakikisha kuwa umekwama kweli. Uzito hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa sababu ya chumvi, maji, choo, na kwa wanawake siku za hedhi. Pima asubuhi, kwa mizani ileile, na linganisha wastani wa wiki kwa wiki. Kabla ya wiki nne hakuna hukumu. Pima pia kiuno, maana huweza kupungua wakati uzito umesimama.

Pili, andika na upime chakula kwa wiki mbili. Angalia hasa vitu vidogo vyenye nishati nyingi ambavyo mlo wa wanga kidogo huviruhusu: mafuta, karanga, korosho, parachichi, maziwa yasiyoondolewa mafuta. Visiondolewe vyote, virudishwe katika vipimo vya mwanzo.

Tatu, linda protini. Samaki, dagaa, mayai na maharage hushibisha kuliko mafuta, na huisaidia misuli isipotee pamoja na mafuta. Mboga za majani nazo hujaza tumbo kwa nishati kidogo.

Nne, ongeza kazi ya misuli, si kutembea tu. Kuinuka kitini mara kadhaa bila kushika, kupanda kilima na kubeba maji ni mazoezi halali yasiyohitaji ada.

Tano, usikimbilie kufunga kwa siku nzima wala kukata chakula ghafla. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari, au dawa za shinikizo la damu, asibadili mlo pasipo daktari kuzipitia dawa hizo. Wajawazito, wanaonyonyesha, na wenye ugonjwa wa figo wana masharti yao. Nanyi wanafunzi, miili yenu ingali inakua: mlo wa wanga kidogo si mchezo wa kuigana bwenini.

Sita, jueni kuwa kupungua kidogo si kitu kidogo. Katika jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari waliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata ugonjwa huo ilipungua kwa asilimia 58. Mtu aliyetoka kilo 92 akafika 81 amepungua karibu asilimia 12. Hata kama asingepungua tena gramu moja, hakushindwa.

Dada yangu aliyarudisha mafuta katika kijiko kimoja, na karanga akazipunguza hadi nusu. Katika miezi saba iliyofuata alifika kilo 77, na hapo amekaa. Kanuni ilitabiri zaidi, lakini kijana wa bombani naye hakulala. Sukari yake imetulia kwa vidonge vichache kuliko zamani, na Jumapili hula vipande viwili vya matobolwa, ambavyo huvipima kwanza. Mizani inaposimama sasa haniulizi kwa nini. Yeye ndiye anayewaeleza walimu wenziwe, kwa ndoo na bomba la shule.

Kazi kwa wanafunzi

1. Fanyeni jaribio la ndoo. Pimeni kina cha maji kila baada ya dakika moja tangu bomba lipunguzwe, mchore grafu. Kwa nini mstari wake hauko wima wala hauko sawa, bali hupinda na kulala?

2. Mtu mnene anakula chakula kilekile, lakini anaacha soda moja ya kilokalori 120 kila siku. Kwa kanuni ya kilokalori 24, atapungua kilo ngapi hatimaye? Na ngapi katika mwaka wa kwanza? Ni sababu gani inaweza kufanya matokeo halisi yawe pungufu?

3. Kila mmoja akadirie kwa macho gramu 40 za karanga, kisha azipime. Andikeni makosa ya darasa zima ubaoni, mjadili yanatufundisha nini juu ya kumhukumu mtu ambaye uzito wake umekwama.